Kilo, newton na data ya kupika

Najua nimepotea hapa karibu wiki tatu, na wengine mmeshanitumia meseji mkiuliza kama nimedisko. Hapana, bado nipo. Ila juzi juzi nilichungulia shimo lenyewe, na nimekaa siku kadhaa nikijiuliza kama niandike au niuchune. Nimeamua kuandika. Tangu nianze shajara hii nimekuwa nikiwapa vituko vya wenzangu tu: yule aliyeunguza wali bwenini, yule aliyekoroma kwenye lekcha mpaka profesa akanyamaza kumsikiliza. Leo ni zamu yangu.

Stori yenyewe ni ya fizikia. Ninyi wa sheria na uhasibu msikimbie, nitakwenda polepole.

Tulikuwa na praktiko ya springi. Springi inaning'inia kwenye stendi, rula imesimama pembeni, na una mawe ya mizani ya gramu mia mia. Unaning'iniza jiwe moja, springi inarefuka, unaandika. Unaongeza la pili, unaandika. Hivyo hivyo mpaka gramu 500. Springi yangu ilikuwa na adabu kweli, kila gramu 100 ikirefuka kama sentimita 4. Baadaye unachora grafu, unapata mteremko wake, na mteremko huo ndio ugumu wa springi, yaani inataka kani kiasi gani ili irefuke mita moja.

Sehemu ya pili, unaning'iniza gramu 300, unaivuta chini kidogo, unaiachia. Inaanza kucheza juu chini, juu chini. Unahesabu mara 20 ukiwa na stopuwachi. Kuna fomula inayounganisha ugumu wa springi na muda wa kucheza kwake, kwa hiyo ukishajua ugumu kutoka kwenye grafu unaweza kutabiri muda. Kama kila kitu kiko sawa, utabiri na stopuwachi vinakubaliana. Hiyo ndiyo maana nzima ya praktiko: springi ileile inaulizwa swali lilelile kwa njia mbili.

Stopuwachi yangu ilisema sekunde 14.0. Nikaandika kwenye daftari, nikarudisha vifaa, nikaenda zangu kula.

Ripoti ilikuwa ya Jumatatu. Nikaianza Jumapili usiku, kama kawaida yetu. Grafu ikatoka imenyooka mpaka nikaipiga picha. Mteremko nikapata 2.5. Nikaweka 2.5 kwenye fomula, nikabonyeza kikokotoo... mara 20 zinatakiwa zichukue sekunde 43.5!

Nikarudia. 43.5. Nikabadilisha betri. 43.5. Daftari linasema 14.

Saa saba usiku hiyo, jamani. Mshkaji wangu wa chumbani, ambaye ripoti yake ilishakuwa ndani ya bahasha tangu Ijumaa, akafumbua jicho moja akasema, "Pika bwana tulale, kila mtu anapika." Akageukia ukutani.

Nikapika. Nilichukua karatasi mpya, nikaandika upya jedwali la sehemu ya pili. Na mjue mpishi mwenyewe alikuwa na akili: sikuandika 43.5, ingeonekana imekaa sawa mno. Niliandika 43.6. Nikaongeza na sentensi moja ya Kiingereza kizuri, kwamba tofauti ndogo iliyopo imetokana na mkono kuchelewa kubonyeza. Nikalala usingizi mzito kabisa.

Alhamisi nikaitwa ofisini kwa Dokta.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Kaa."

Mezani kwake kulikuwa na stendi, springi na mawe matatu ya gramu mia mia. Ripoti yangu ilikuwa pembeni, imefunguliwa ukurasa wa tatu. Hakusema kitu. Akaning'iniza mawe yote matatu, akayavuta chini kidogo, akayaachia, akaniambia, "Hesabu."

Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Moja mbili tatu nne... Wadau, springi ile ilikuwa inakimbia! Ilibidi nihesabu haraka haraka kama kondakta wa daladala anayeita abiria. Nilipofika ishirini akanionyesha simu yake: sekunde 14 na vichembe.

"Haya. Hizi 43.6 umezitoa wapi?"

Nilitazama chini. Feni ilikuwa inazunguka. Nje watu walikuwa wanacheka kwenye korido, nikawaonea wivu mpaka leo.

Nikasema, "Nimepika, Dokta."

Akavua miwani, akaanza na lile ambalo kwake lilikuwa kosa dogo. Na mimi ngoja niwaeleze kama alivyonieleza, maana nimeshagundua kuwa tuko wengi tuliofika chuo kikuu bila kulielewa.

Mhimili wa grafu yangu niliujaza gramu, nikazigeuza kilo, nikaishia hapo. Lakini kilo si kani. Kilo inasema kitu kina mata kiasi gani, ile ambayo kamusi za sayansi za Kiswahili zinaiita tungamo. Kinachovuta springi si kilo, ni dunia inavyoivuta hiyo kilo. Huo mvuto ndio uzito, uzito ni kani, na kani inapimwa kwa newton. Newton moja ni kani inayoweza kuipa kilo moja mchapuko wa mita moja kwa sekunde kila sekunde. Dunia yenyewe inaipa kila kilo mchapuko wa karibu 9.8, kwa hiyo kilo moja inavutwa kwa newton 9.8. Ukitaka kuijua newton moja kwa mkono, shika kiazi kidogo cha gramu mia na ushee. Unachokisikia mkononi ndiyo newton moja hiyo.

Mteremko wangu wa 2.5 ulikuwa kilo kwa mita. Mimi nikauandikia newton kwa mita, kwa kalamu nyekundu kabisa, nikaupigia na mstari. Ilitakiwa nizidishe kwa 9.8, nipate 24.5. Weka 24.5 kwenye ile fomula, muda wa mara 20 unatoka sekunde 13.9. Stopuwachi yangu ilisema 14.0. Yaani nilikuwa nimepima vizuri kuliko nilivyowahi kupima maisha yangu yote, halafu nikakitupa kipimo kizuri nikabaki na hesabu mbovu!

Dokta akasema, "Kosa la kipimo ningekukata alama mbili. Sasa hili lingine nikukate ngapi?"

Nitarudi kwa jibu lake. Kwanza nijitetee kidogo.

Lugha yetu inatuchanganya, na si yetu peke yake. Kliniki wanakwambia uzito wako kilo 60. Dukani unaulizia uzito wa mchele. Bibi yangu mpaka anafariki alikuwa anasema ratili, ambayo ni karibu gramu 450, na pwani wazee walikuwa na frasila ya karibu kilo 16 na wakia kwa vitu vidogo. Yote hayo tuliyaita uzito na hakuna aliyeumia, kwa sababu wote tuko juu ya dunia hii hii moja inayovuta karibu sawa kila mahali. Shule ya msingi unajaza "uzito: kilo 5" unapata vema. Kidato cha kwanza lugha inageuka Kiingereza, uzito unageuka newton, wewe unakariri vyote viwili bila kuvikutanisha.

Hata wakubwa walichanganyikiwa. Mwaka 1901 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo, kule Ufaransa, ilibidi utoe tamko kwamba kilo ni kipimo cha tungamo na kwamba neno uzito lina maana ya kani, kwa sababu watu walikuwa wanalitumia huku na kule. Mkutano huohuo ndio ulioweka namba rasmi ya mvuto wa dunia, 9.80665. Wahandisi nao walikuwa wanapima kani kwa kilo hiyohiyo, yaani kilo-kani, ambayo ni newton 9.80665. Jina la newton lenyewe lilikuja kupitishwa mwaka 1948. Waingereza na Wamarekani nao wana ratili yao, ambayo ni ya tungamo na pia ni ya kani, chagua mwenyewe. Kwa hiyo mkinicheka, mcheke na hao.

Na hiyo 9.8 nayo si moja. Ikweta dunia inavuta kwa 9.78, kwenye ncha za dunia 9.83. Gunia la kilo 100 lililoning'inizwa kwenye mizani ya springi lingevuta newton 978 huku kwetu, na 983 kule kwenye barafu. Viazi ni vilevile, hakuna kilichoongezwa. Kama mizani imetengenezwa ikaandikwa kilo kule, ukiileta ikweta bila kuirekebisha itakuonyesha kilo 99 na nusu. Ni kwa sababu mizani ya springi haioni kilo. Inaona mvuto tu, halafu aliyeitengeneza ameshakugawia kwa 9.8 kimya kimya na kuandika kilo usoni pake. Ile mizani ya sahani mbili haina shida hiyo, maana inalinganisha jiwe na kitu, na vyote viwili vinavutwa sawa. Ipeleke hata mwezini, ambako mvuto ni 1.62 tu, itakwambia kilo 100 zilezile.

Wakati Dokta anaeleza haya ya mizani, mwenzenu sikuwa ofisini. Nilikuwa Njombe.

Nyumbani tunalima viazi mviringo. Wa huko mnajua lumbesa ni nini. Kwa ambao hamjui: mnunuzi anakuja na lori, anataka gunia lijazwe mpaka mdomoni, halafu lishonewe kichwa kwa juu, kwa kamba, viazi vimelundikwa kama kilemba. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Lakini mnunuzi halipi kwa kilo, analipa kwa gunia, na gunia kwake ni lenye kichwa.

Nilikuwa darasa la sita baba alipoazima mizani ya kuning'iniza. Akaifunga kwenye boriti la banda, tukaliinua gunia watu watatu, mshale ukaenda mpaka kilo 138. Baba akamwita mnunuzi aje aone. Yule bwana hata hakuinua kichwa. Akasema, "Mzee, mimi nanunua gunia, sinunui mshale."

Tukamuuzia. Viazi vinaoza, mfanyeje? Usiku baba alikaa jikoni na kipande cha karatasi akipiga hesabu ya zile kilo 38 zilizopita bure kwa kila gunia. Hakugomba. Alisema tu kwamba mizani imesema na yule mtu ameisikia, halafu amefanya kama haikusema.

Basi nikiwa kwenye kile kiti cha Dokta nikajiona. Stopuwachi ilisema 14. Niliisikia vizuri.

Kuna kisa kimoja ambacho Dokta alinipa nikakisome, nikakisoma usiku uleule. Mwaka 1998, tarehe 11 Desemba, Wamarekani walirusha chombo kinaitwa Mars Climate Orbiter kwenda kuizunguka sayari ya Mars. Njiani kilikuwa kinawasha vijiroketi vidogo kujiweka sawa. Programu moja ya kompyuta duniani, ya kampuni iliyokitengeneza, ilikuwa inatoa hesabu za misukumo hiyo kwa ratili-kani na sekunde. Programu iliyokuwa inazipokea ilitarajia newton na sekunde. Ratili-kani moja ni newton 4.45. Hakuna aliyezidisha. Kila msukumo ukahesabiwa mdogo mara nne na zaidi kuliko ulivyokuwa kweli, na njia ya chombo ikapinda kidogo kidogo kwa miezi tisa. Tarehe 23 Septemba 1999 kilifika. Walipanga kipite kilomita 226 juu ya Mars. Hesabu za baadaye zilionyesha kilishuka mpaka kama kilomita 57, ndani kabisa ya hewa ya sayari ile. Hakikusikika tena. Zaidi ya dola milioni 100 zikaishia hapo.

Watu wengi wanakisimulia kisa hiki kama kichekesho cha vipimo, mimi mwenyewe niliwahi kukisikia hivyo. Kilichonikaa kichwani ni kwamba waliokuwa wanakiongoza chombo waliona namba hazikubaliani. Miezi kadhaa kabla walikuwa wanaona tofauti, wengine walisema, lakini jambo halikufuatiliwa mpaka mwisho. Wao hawakupika, wala sisemi walifanya kama mimi. Nasema tu zile namba mbili zilizogombana zilikuwa zinawaambia kitu, kama zangu zilivyokuwa zinaniambia saa saba usiku. Ningekaa nazo dakika kumi zaidi ningeona: gawanya 24.5 kwa 2.5, jibu ni 9.8. Namba ya kidato cha kwanza, ilikuwa inanikodolea macho!

Sasa hukumu. Sifuri kwa praktiko nzima, na si sehemu ya pili peke yake. Dokta alisema hatapeleka jina langu kwenye kamati safari hii, lakini ameandika kwenye faili lake, na nikirudia jina linakwenda. Halafu akasema nirudie praktiko Jumatano iliyofuata. Alama sipati, ila ripoti anaitaka.

Kwa hesabu zangu (nimezikagua vipimo vyake, msijali), sifuri hiyo imenishusha mpaka mstari wenyewe. Nimebakiwa na praktiko nne, na sina pa kuteleza hata kwenye moja. Nikipata sapu, sawa, nitarudi likizo. Nikidisko, bumu limekwisha, na nyumbani wanajua mimi ndiye wa kwanza kufika huku. Kwa hiyo mkiniona maktaba Ijumaa usiku msiniulize nimepatwa na nini.

Jumapili nikampigia baba. Nilitaka kusalimia tu.

"Kamwene mwanangu. Masomo?"

Nikamwambia yote. Springi, sekunde 14, sekunde 43.6, kile kiti. Alikaa kimya mpaka nikaangalia kama salio limekata.

"Kwa hiyo safari hii wewe ndiye uliyelishonea gunia kichwa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Haya." Akakohoa. Halafu akaniuliza hiyo newton ni kitu gani. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, kwamba gunia lake la kilo 100 linavuta newton 978. Akauliza zinalipwa bei gani hizo newton, maana kama ni kwa idadi yeye ataanza kuuza kwa newton. Tukacheka wote wawili, nikasikia mama kwa nyuma akiuliza kuna nini. Hakulirudia tena lile la kichwa. Najua atalirudia Desemba.

Jumatano nikarudi maabara peke yangu. Maabara bila wenzako ni pakubwa, unasikia hata bomba linavyodondoka. Nikaning'iniza mawe, nikazidisha kwa 9.8 kabla sijagusa grafu. Ugumu nikapata 24.5. Utabiri, sekunde 13.9. Nikapima mara 20: 14.1. Nikarudia: 14.1. Mara ya tatu: 14.1 tena.

Pointi mbili za sekunde. Mkono unazifuta hizo, wadau. Ungebonyeza mapema kidogo tu...

Niliziacha. Nikaketi nazo, na baada ya kama nusu saa ndipo nikaelewa: springi yenyewe nayo ina tungamo, nayo inapanda na kushuka pamoja na mawe, na fomula yangu ilikuwa imeisahau. Nikaiweka kwenye mizani, gramu 25. Ukichukua theluthi moja ya tungamo la springi ukaliongeza kwenye zile gramu 300, utabiri unakuja 14.1. Nikayaandika yote, pamoja na kwamba mwanzo hayakukubaliana.

Ripoti nimeipitisha chini ya mlango wa Dokta jana. Haijarudi, na hata ikirudi haina alama. Praktiko ya pili kati ya zile nne ni Jumanne ijayo, ya pendulumu. Mwenye noti za mwaka jana anishtue. Nasema noti, sisemi data!